Ufunguo wa Stoo Shingoni Mwangu

Ufunguo wa stoo niliuvaa shingoni, kwenye kamba ya katani, na sikuuvua hata wakati wa kuoga. Uliniharibia blauzi mbili kwa kutu. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye Mirongo, mjini Mwanza, pamoja na wanangu wawili, alinitazama siku moja tukiwa tunakula akauliza, "Mwenzetu, hirizi hiyo umefungiwa na mganga gani?" Nikamjibu kwamba ni hirizi ya kazi. Alicheka mpaka akarudisha tonge kwenye sahani.

Siku hizi vijana wanaosimamia miradi huja kwangu Kiseke, kompyuta kwenye mabegi, wananiuliza niliwezaje kuongoza mafundi miaka yote hiyo na kazi zikaisha. Wanataka kanuni. Mimi kanuni sina. Nina habari ya tangi moja na ufunguo mmoja, na humo ndani nimo mimi nikiwa mjinga kupindukia. Nikiisimulia wanacheka, halafu mmoja wao ananyamaza ghafla, na hapo najua kwamba huyo naye ana ufunguo wake mahali.

Ilikuwa miaka ya tisini, mambo yamefunguliwa. Mwanza ilikuwa inachangamka kila kukicha. Aliyekuwa na chumba cha mbele alikigeuza duka, viwanda vya minofu vilikuwa vinafagia sangara wote, na mitumba ilitandazwa hadi milangoni mwa ofisi zilizokuwa zinafungwa. Ofisi yangu ilikuwa mojawapo. Nilikuwa fundi sanifu wa serikali, najua kuchora na kupima, na asubuhi moja majina ya waliopunguzwa yakabandikwa ukutani, langu likiwamo. Sikulia pale. Nililia nyumbani, nikanawa uso, nikaenda kutafuta kazi.

Nikaipata kwenye shirika moja lililokuwa linajenga vijijini. Bosi wangu, mzee mpole asiye na maneno mengi, alinipa kazi ya majaribio: tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. "Mvua za vuli zilikute limesimama," aliniambia. "Likishika maji, utajenga mengine. Likivuja, au mvua ikilipita, tutaagana vizuri tu." Hilo "vizuri tu" ndilo nililoondoka nalo.

Zahanati ile haikuwa na maji hata tone. Mjamzito aliyekuja kujifungua alikuja na ndoo yake ya maji kichwani, uchungu umeshamshika. Mkunga, mwanamke wa Kijita mwenye mwili na sauti, alikuwa anaitazama ndoo kwanza kabla hajamtazama mwenye ndoo, na si kwa roho mbaya. Angemwosha na nini? Siku niliyofika alinipima toka juu mpaka chini akasema, "Wewe ndiye wa tangi? Haya. Wenzio wawili walishakuja, wakapima, wakaenda." Nikaapa moyoni kwamba mimi sitakuwa wa tatu.

Basi nikakamata kila kitu mimi. Mifuko ya saruji iliyofungiwa stoo niliihesabu mimi asubuhi na jioni. Mchanga niliuchekecha mimi wa kwanza nionyeshe mfano, halafu nikasimama kuona kama mfano unafuatwa. Michoro ilikaa kwenye begi langu, pimamaji kwenye begi langu, ufunguo shingoni. Mtu akitaka msumari alinifuata. Nilikuwa najisifu eti bila mimi hapa pangelala, kumbe ni mimi niliyekuwa nawalaza.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kikerewe, umri wa baba yangu kama angekuwa hai. Alikuwa amejenga visima, makanisa na nyumba za walimu kabla mimi sijajua kushika penseli. Kila asubuhi nilimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo baba," naye akaitika, "Marahaba mwanangu." Baada ya hapo nilimwamuru kutwa nzima. Akimaliza kupima, napima tena, palepale mbele ya vibarua wake, pimamaji langu juu ya mstari wake. Hakuwahi kununa. Alisema tu, "Sawa, mama." Nikimwambia weka hapa, sawa mama. Nikimwambia toa weka kule, sawa mama. Nilidhani tunaelewana.

Msingi ulichimbwa na wanakijiji, ndio mchango wao. Kule Usukumani kazi ya kundi ina mwenyewe. Vijana na watu wazima wenye nguvu wana kiongozi waliyemchagua, wanamwita nsumba ntale, na ukitaka ulimiwe shamba huendi kwa mtu mmoja mmoja, unakwenda kwake. Wa pale alikuwa mwanamume mfupi, mkimya, kofia ya mkeka imekatika ukingo. Alikuja na watu wake kumekucha, akaniuliza, "Mama, kazi ni ipi?" Nikamjibu, "Chimbeni hapa, mimi nipo, nitawaelekeza."

Nikawaelekeza kweli! "Wewe wa shati la njano, sogea. Nyie wawili mnachimba mnatazamana kwa nini? Acha hapo, imetosha. Hapana, bado, endelea." Haikupita muda majembe yakaanza kulala chini, moja baada ya jingine. Wote wakakaa. Nsumba ntale akanijia, akavua kofia.

"Mama, kazi umetupa au hujatupa?"

"Nimewapa. Mbona mmekaa?"

"Ukishatoa, unarudi nyuma. Unatuonyesha mwisho wake ulipo, unakwenda zako kwenye chakula, tukimaliza tutakuita. Hiyo ndiyo kutoa. Kama hujatoa, basi jembe hili hapa. Chimba, sisi tutakuelekeza."

Mtu mwenye akili angecheka akaomba radhi. Mimi nikalipokea jembe! Nikajifunga khanga kiunoni, nikachimba. Loo, jinsi walivyofurahi! Walianza kuimba papo hapo wimbo wa kunitania, Kisukuma changu ni cha kubangaiza lakini niliambulia kwamba kuna mwanamke wa mjini amekuja kuoa shamba. Wengine wakanielekeza kwa vidole kama nilivyowaelekeza mimi: sogea, acha, bado, endelea. Wa shati la njano ndiye aliyezidi. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na shimo lenyewe lingemtosha kuku kutagia. Mkunga alikuwa barazani anajifuta machozi ya kicheko. Nikatupa jembe, nikaenda kukaa kwake, nimevimba kwa hasira.

Alasiri waliniita. Shimo lilikuwa duara safi, kuta zimenyooka. Nikapima, nikakuta kina hakitoshi, nikapata nguvu ya kusema. "Hakitoshi hiki!" Nsumba ntale akanijibu bila kugombeza, "Ulituambia mwisho wake ni wapi?" Sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimewaonyesha pa kuanzia tu, kwa sababu mwisho niliuweka kwenye begi. Nikamwonyesha kwenye rula, wakamalizia kabla jua halijainama.

Ningekuwa mwepesi wa kuelewa, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilijiambia kwamba hizo ni desturi za wakulima, shimo ni shimo, zege ni jambo la kitaalamu. Kichwa changu kilikuwa kigumu kweli.

Sakafu ya tangi inamwagwa siku moja. Ukiimwaga nusu leo na nusu kesho, pale zinapokutana ndipo maji yatakapotokea, na hakuna plasta itakayokuokoa. Kwa hiyo tulipanga Jumamosi moja. Nsumba ntale aliwakusanya watu wote, wake kwa waume, akaniambia wazi kwamba ni siku hiyo tu, kwa sababu mawingu yameanza kuonekana na kila mtu anataka kwenda kutayarisha shamba lake. Ijumaa nilivuka kwenda Mwanza kumweleza bosi tulipofikia, nilale nyumbani nirudi kwa kivuko cha kwanza. Kabla ya kuondoka nilimwambia fundi, "Mlango wa stoo asiguse mtu mpaka nije."

"Sawa, mama."

Usiku upepo ukaleta magugu maji. Walioishi ziwani miaka ile wanayajua: unalala maji ni maji, unaamka ni shamba la kijani lenye maua ya zambarau, limejipanga gatini kana kwamba nalo linasubiri kuvuka. Kivuko kilikuwa kimezingirwa, hakitoki. Watu walishuka na mapanga kuyakata, wakikata huku yanajaa kule. Nilisimama pale toka alfajiri, nimeushika ufunguo kifuani mpaka ukapata joto. Naiona ng'ambo! Siwezi kuifikia, naiona tu. Nikaanza kuomba Mungu fundi avunje lile kufuli. Vunja, mzee wangu. Piga nyundo moja tu.

Kivuko kilipopata upenyo nikafika saa tisa alasiri, jua halitoshi tena kumaliza sakafu. Watu walikuwa wamekaa kivulini mwa ukuta wa zahanati, makoleo yameegemezwa kwa mpangilio. Wanawake walikuwa wamechota maji toka usiku wa manane, safari kwa safari, mapipa yamejaa pomoni. Mchanga umechekechwa, kokoto zimeoshwa. Kufuli lilikuwa linaning'inia mlangoni, zima kabisa.

"Kwa nini hamkuvunja?" Nilipiga kelele.

Fundi akasimama, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama. "Ulisema asiguse mtu, mama."

"Lakini uliona siji! Uliona jua linakwenda!"

"Niliona. Lakini mlango ni wako. Sisi hukutuachia kitu, ulituachia kusubiri. Tumesubiri."

Hakusema kwa kejeli. Angekejeli ingekuwa nafuu, ningemjibu. Alikuwa amenitii kwa heshima ile ile aliyoniitikia nayo shikamoo. Wanawake wakainuka, kila mmoja akajitwika ndoo yake tupu, wakaondoka hawaniangalii. Mkunga, yule mwenye sauti, aliingia ndani akafunga mlango polepole. Niliona haya. Nikajiona mimi ndiye wa tatu.

Asubuhi yake, Jumapili, niliwasubiri watoke kanisani. Nilikwenda kwanza kwa nsumba ntale, nikapiga magoti kama mwanamke wa pale afanyavyo, nikamwomba siku moja zaidi. "Utatoa kazi?" akauliza. Nikasema nitatoa. Akasema, "Basi Jumanne."

Halafu nikamchukua fundi, sisi wawili tu, tukalizunguka lile shimo. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza vipimo, lakini nilipofungua mdomo nikagundua kwamba vipimo anavijua kuliko mimi. Asichokijua ni kile nilichokuwa nimekificha, yaani nataka nini hasa. Nikamwambia, "Baba, mwisho wake ni huu. Tangi lishike maji. Na mkunga akihitaji maji, ayapate bila kumwacha mzazi peke yake. Sakafu iishe kwa siku moja. Mengine yote amua wewe. Niite kwa mambo mawili tu: saruji ikipungua, au ukiona ufa."

Hakusema sawa mama. Alikuna kidevu. "Na mchoro?"

"Mchoro huu hapa, chukua. Ukiona umekosea, fuata mwisho niliokuambia."

Kisha nikavua ufunguo. Kamba ilinasa kwenye kilemba, nikahangaika nayo, mtu mzima mimi. Yeye alirudi nyuma hatua moja. "Mama, ukipotea je?"

"Ukipotea tutavunja kufuli, mimi na wewe."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza, meno mawili ya mbele hayapo. Aliinama kidogo nikamvisha.

Jumanne nilitoa kazi. Watu hawajui ugumu wake, wanadhani kugawa kazi ni kupumzika. Nilikaa nyuma ya zahanati kwa wapishi, natenganisha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kupikia uji, na sikuwa na faida yoyote pale. Masikio yote yalikuwa upande wa pili. Nasikia makoleo, nasikia wimbo, nasikia fundi akiita, "Leta! Leta!" Sauti ile sikuwahi kumsikia nayo. Kumbe mzee alikuwa na sauti!

Halafu pakawa kimya.

Si kimya cha kupumzika. Makoleo yote yalinyamaza kwa pamoja, na zege mbichi haisubiri mtu. Nikahesabu moyoni. Nikafika thelathini. Nikainuka, michembe ikamwagika mapajani. Mkunga, aliyekuwa amekuja kuchukua moto, akanikamata khanga kwa nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Wamesimama! Husikii wamesimama?"

"Wamekuita?"

"Hawajaniita."

Akachukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni, akaigeuza kifudifudi, akaipiga kofi. "Kaa."

Nikakaa. Sijui kazi ngumu niliyofanya maishani kama kukaa juu ya ile ndoo. Nilikuwa najua kabisa kwamba kazi yangu, ada za wanangu, na maneno ya bosi vyote vipo nyuma ya ukuta ule, na mimi nimekaa kama mgeni msibani. Mkunga alibaki amesimama kando yangu, mkono mzito begani mwangu, mpaka makoleo yakaanza tena.

Waliniita jua limeinama. Sakafu ilikuwa kipande kimoja, imelala laini, inang'aa maji maji. Nikaizunguka bila pimamaji. Nikasimama ghafla. Bomba la kutolea maji halikuwa mahali pake. Kwenye mchoro nililielekeza barabarani, na sasa nilikuwa naliona limetokeza upande wa nyuma, ukutani kwa chumba cha wazazi, hatua mbili kutoka mlangoni.

"Hilo bomba," nikasema.

"Ndiyo," fundi akajibu. "Hapo tulisimama kidogo, tukalihamisha. Ulisema mkunga asimwache mzazi. Lilivyokuwa, lingemfaa mgeni anayepita na gari."

Kweli tupu. Nililiweka barabarani ili bosi akija alione. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia. "Uliliona lini kwamba limekaa vibaya?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza uliponionyesha."

"Na hukusema!"

"Siku ile ulikuwa unanionyesha," alisema. "Hukuwa umenipa."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, umejaa zege, tukabaki hivyo.

Kuta nilimwachia pia. Nilivuka kwenda kuona alipoita, mara mbili tu, yote kwa ajili ya saruji. Siku alizopiga tangi plasta na kufunga mfereji kwenye bati, nilikuwa Mwanza. Mvua ya kwanza ya vuli ilinikuta Mirongo, natoa nguo kambani. Nikaona ng'ambo kumekuwa kweusi, ikanyesha kule siku hiyo na ya pili na ya tatu. Mama yangu akaniuliza kwa nini siendi kuangalia kama linavuja. Nilitaka kwenda, nusura nipande kivuko mara mbili, siku moja nilifika mpaka gatini. Nikarudi nyumbani. Kila nilipopapasa kifuani sikukuta kitu.

Siku ya nane mwanamke muuza dagaa aliyevuka na kivuko alibisha hodi. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Ulikuwa ufunguo, na kamba yake ile ile. "Mzee fundi amesema nikwambie," alisema, "kazi imekwisha, unaitwa."

Nililia mlangoni palepale, mbele ya mgeni.

Nilipofika, mvua ilikuwa imeacha tangu jana, bati limeshakauka. Kwenye ukuta wa tangi, upande wa ndani, fundi alikuwa amechora mstari wa mkaa, akanipa ngazi nipande nichungulie. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mstari aliouchora jana jioni, hayajashuka. Nsumba ntale alikuwepo na kofia yake, akaitingisha kichwani.

Wakati niko juu ya ngazi, mjamzito mmoja alikuwa anapandisha njia, anatembea kwa kusimamasimama, ndoo ya maji kichwani kwa mazoea. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mkunga alitoka kumpokea, akamtua ndoo, na kwa mara ya kwanza nikamwona akimwaga maji ya watu chini, yote, bila kuyahurumia. Kisha akaigeuza ndoo kifudifudi kando ya lile bomba, akaipiga kofi.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Maji yapo."